Makaa ya Jomvu

Mwaka wa mgomo mkubwa, makuli wa bandarini walikaa nyumbani kudai nyongeza ya mshahara, na Changamwe yetu ikajaa wanaume vibarazani. Mume wangu, kuli naye, aliniambia anakwenda Jomvu kumlimia mamake shamba, nami nikamwamini. Jioni alirudi yu hoi, akalala.

Asubuhi nikapeleka nguo zake kisimani. Wanawake waliokuwapo nawakumbuka wote kwa majina, ila siwataji. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, akaniita.

"Abee, mama."

"Mumeo jana hatukumwona barazani."

"Alikuwa Jomvu, akilima," nikasema, tena kwa kujivuna.

Nikalitia shati kwenye karai. Maji yakageuka meusi ti, na chini yakatuama makaa ya mawe, yale yanayopakuliwa melini.

Yule mama akachungulia. "Alaa, kumbe siku hizi Jomvu wanapanda makaa?"

Wakacheka, kisha wakanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza. Waume zao walikuwa wakishinda njaa kwa ajili ya mume wangu pia.

Shati nikalianika chumbani, nyuma ya mlango, lisionekane. Kulipokucha lilikuwa bado bichi. Mume wangu akalishika, akanitazama. Niliinamisha macho. Akalirudisha kambani, akatoka kifua wazi hadi barazani kwa wenzake.

Nilimsikia akitoa salamu. Hakuna aliyeitikia.