Mayai ya Radi

Jiwe liliwaka mkononi mwa dada yangu Kabula, nami niliamini atakufa.

Nililikumbuka juzi nilipobonyeza kiberiti cha jiko la gesi. Ndani yake kuna fuwele, kijiwe kinachotoa umeme kikigongwa, ugunduzi wa ndugu wawili Wafaransa.

Mchana ule wa utotoni, kwa bibi Sengerema, wingu zito lilitoka ziwani, tukafunga madirisha. Nyumba ilinuka dagaa. Kabula akasugua mawe mawili meupe gizani, yakang'aa.

"Tupa hayo!" bibi alifoka. "Ni mayai ya radi. Mama yao atayafuata."

"Aje, nimwamkie shikamoo," Kabula akajibu.

Kila ngurumo niliisikia kama mama anayeita wanawe. Nilimng'ang'ania Kabula sketi. Radi ikapiga mti wa jirani. Mawe yakamdondoka, yeye akabaki mzima.

Sasa najua jiwe haliiti radi. Lakini kwa nini hung'aa likisuguliwa, wataalamu bado hawajakubaliana.