Nguo za Mtu Ambaye Hajaja

Ukifika Karatu mjini ukaulizia nyumba ya mama wa nepi, hata dereva wa bodaboda ambaye hajawahi kupakata mtoto atakufikisha. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma nyuma ya soko, na uani kuna kamba ambayo haikosi vitu vidogo vilivyoanikwa: bibu, soksi, nepi za kitambaa, kofia za kutosha ngumi ya mtu mzima. Mwenye nyumba ni Scholastika. Alizaliwa Kansay, akaolewa mjini, akafiwa na mume mapema, akabaki na binti mmoja na cherehani ya miguu. Binti anaitwa Ritha. Cherehani haina jina, ingawa husemeshwa, hutukanwa na kubembelezwa kuliko watu wengi.

Biashara aliianzia kwenye shuka kuukuu za loji. Wageni wanaokuja kuangalia wanyama hulazwa kwenye shuka nyeupe pe, na shuka ikififia kidogo tu inatolewa. Wengine walikuwa wakizinunua ili wazichane wapate matambara ya kudekia, jambo ambalo Scholastika aliliona kuwa ni dhambi kamili. Shuka iliyofuliwa miaka na miaka huwa laini kuliko kitambaa chochote kilichotoka dukani. Akawa anazichemsha, anazianika, nyingine anazitia rangi, halafu anazikata. Kofia zake zilikuwa na jambo moja lililowashangaza wateja wapya: mshono ulikuwa nje.

"Mama Ritha, hii umeigeuza," walikuwa wakimwambia.

"Sijaigeuza. Anayeivaa ni wewe au ni yeye?"

Aliweka mshono nje ili usimkwaruze mtoto kichwani, na akishaeleza hivyo alipenda kunyamaza kidogo asubiri kusifiwa. Alikuwa mtu mwema Scholastika, lakini tusifichane, alikuwa mbishi na alikuwa na kaugonjwa ka sifa.

Mambo ya mila ndiyo hakuyataka kabisa kuyasikia. Bibi yake huko Kansay alikuwa akisimulia jinsi zamani, kwao Wairaqw, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba alivyotengwa na watu mpaka muda wake uishe. Asichote maji walipochota wenzake, asisalimiane na mtu. Scholastika aliyasikia hayo akiwa msichana mdogo na yalimkera mpaka leo. Mtu amepoteza mtoto, halafu anyimwe na salamu? Tangu hapo kila kilichoitwa mila alikiweka kapu hilo hilo, akaenda zake kwaya.

Kisha Ritha akaolewa Nainokanoka, kule juu kwenye ukungu na ng'ombe, na Loserian, kijana wa Kimasai aliyesoma naye sekondari. Loserian alikuwa mfugaji, na msimu wa wageni aliwaongoza wale wanaopenda kutembea kwa miguu. Mama yake, Kakenya, alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na Kiswahili chake alikiokota gulioni, neno moja moja. Ritha alimwita yeyo, yaani mama, kama mume wake alivyomwita.

Mimba ya kwanza ilipoonekana, Scholastika hakulala. Alishona kila kitu, akajaza kapu, akalipeleka mwenyewe mpaka Nainokanoka, akapokewa kwa maziwa. Kakenya alilitazama lile kapu, akamtazama mgeni, asiseme kitu, kwa sababu mkwe aliyetoka mbali hafukuzwi siku anayofika. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, hana uhai. Scholastika alipanda tena mlimani, akalia na mwanawe, akakaa siku za msiba, akarudi kwenye cherehani yake. Habari ya zile nguo hakuiuliza. Ungeanzaje kuuliza nguo katika siku kama zile?

Ritha aliposhika mimba ya pili, daktari alisema ikikomaa asibaki kule ambako gari ni la kubahatisha. Ateremke Karatu, akae karibu na hospitali. Scholastika akafurahi kupita kiasi. Akatoa shuka bora kuliko zote alizokuwa nazo, akaitia rangi ya njano iliyopoa, akashona kofia, nepi, soksi, blanketi dogo lenye pindo la kushonwa kwa mkono. Siku ya kupokea wageni akazipanga zote kitandani pa Ritha, kofia juu, kama mtoto mwenyewe ameshalala pale.

Ritha aliingia akiwa na tumbo mbele na mkwewe nyuma, maana Kakenya alikuwa amekataa kumwachia mtu mwingine kazi ya kumleta. Uani, Kakenya alisimama akaitazama kamba.

"Za wateja hizo, Mama Loserian," Scholastika akasema. "Watoto wao wako nyumbani, mama zao wananyonyesha. Karibuni ndani, karibuni."

Kakenya akaitikia kwa kichwa. Walipofika chumbani akaziona za njano. Akaacha kutembea.

"Nani amezaa?" akauliza.

"Hajazaa mtu bado."

"Sasa hizi ni za nani?"

"Za mjukuu wetu!"

"Yuko wapi?"

Scholastika akaonyesha tumbo la Ritha huku akicheka. Alicheka peke yake. Kakenya alirudi nyuma mpaka nje ya mlango, akaketi barazani na shuka lake begani, akasema hataingia kwenye chumba chenye nguo za mtu ambaye hajaja, na Ritha naye hatalala humo.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Scholastika alisema hizo ni mila tu, mtoto ni zawadi ya Mungu, na zawadi ya Mungu haitishwi na kofia. Kakenya alisema hajui habari za kofia na Mungu, anajua tu kwamba kwao mtu anaandaliwa akishafika. Ritha alikaa katikati yao akichokonoa kucha. Mama yake akamgeukia kwa Kiiraqw, akamuuliza kama naye ameanza kuamini mambo hayo.

"Sijui, mama," Ritha akasema. "Ziondoe tu."

Scholastika akaziondoa, lakini moyoni hakuziondoa. Alizifunga kwenye khanga, akaziweka ndani ya kabati la chumba cha kushonea, na Kakenya alipouliza zimekwenda wapi, akajibu kwa sauti ya mtu mkweli, "Nimempa Antonia. Mteja wangu, amejifungua majuzi." Mwanakwaya huyo! Aliona ni uongo mdogo wa kuleta amani, na usiku huo wote walilala ndani.

Zilipita siku nzuri. Asubuhi Scholastika alikanyaga cherehani mlangoni pa chumba cha kushonea, Kakenya akakaa kwenye mkeka kando yake akitunga shanga, na wote wawili walikuwa na mikono isiyojua kukaa bure. Kakenya aliichukua kofia moja ya mteja, akaigeuza, akapitisha kidole ndani, kisha nje, akasema, "Mshono umeweka nje. Vizuri. Kichwa hakiumii." Hakuna aliyekuwa amemweleza. Scholastika akajikuta anampenda mwanamke huyu, jambo ambalo hakuwa amelipanga.

Kisha Antonia mwenyewe akaja. Aliingia uani na mtoto mgongoni, akasalimia kila mtu, akasema, "Mama Ritha, nimefuata nguo zangu. Mwezi mzima unanipiga kalenda, mtoto anakua!" "Antonia!" Scholastika akasema, akaanza kukohoa. Akampa kifurushi chake, cha rangi ya samawati, akamsindikiza haraka mpaka njiani. Aliporudi, Kakenya alikuwa bado kwenye mkeka. Ritha alikuwa amejilaza chumbani.

"Mama Ritha," Kakenya akasema, "zile za njano ziko wapi?"

Scholastika alitazama kabati, na mtu akitazama kabati namna ile ameshajibu.

Alisubiri kugombezwa, hata akawa ameshaandaa maneno yake ya kujitetea. Kakenya akashusha sauti ili isifike chumbani.

"Zile za kwanza," akasema. "Unajua zilikwenda wapi?"

"Sijui."

"Wewe ulileta, ukaenda. Tulipozika, ukaja, ukalia, ukaenda. Mimi nikabaki na Ritha, na nguo zikabaki. Kila asubuhi anatoa kwenye kapu, anakunja, anarudisha. Halafu akaanza kufua. Nguo hakuna mtu amevaa, yeye anafua. Anaanika juu ya uzio. Anaanua. Kesho anafua tena. Na kule kwetu unajua maji ni ya kubeba."

Scholastika alikuwa amesimama. Akakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Mimi nikachukua siku moja amekwenda kuni," Kakenya akaendelea. "Nikampa mwanamke wa Engaresero, kule chini kabisa, ziwani. Kuna wanawake karibu wanataka, nikakataa. Sitaki Ritha aende mahali aone mtoto wa mtu na kofia ile. Alinikasirikia. Hajasema na mimi mpaka mvua ilipokuja. Sasa wewe unaniambia ni mila." Akaokota shanga iliyomdondoka. "Sawa, ni mila."

Scholastika alilia, tena si kwa ustaarabu. Aliona aibu iliyomshika mpaka masikioni. Miaka yote alikuwa akimwonea huruma mwanawe kwa kuishi na mwanamke wa mila, kumbe mwanamke wa mila ndiye aliyeshinda na Ritha na kapu lile, naye hakuwa na habari. Alipomaliza kulia akajifuta kwa kipande cha nepi, akafungua kabati, akatoa khanga, akaifungua mkekani. Akachukua wembe.

"Unafanya nini?" Kakenya akauliza.

"Nafumua."

Alianza na kofia. Kufumua mshono wa cherehani ni kazi ya subira. Unakata uzi mmoja hapa, mwingine pale, unavuta, unahakikisha kitambaa hakichaniki. Kakenya alimtazama kidogo, kisha akasogea, akawa anavuta nyuzi na kuzikusanya kiganjani. Kofia ikawa vipande. Soksi zikawa vipande. Blanketi lilipotolewa pindo likawa mraba wa shuka kuukuu tu. Ritha aliamka, akaja mlangoni ameshika kiuno, akawakuta mama zake wawili wamekaa chini katikati ya nyuzi za njano.

"Mnafanya nini nyie?"

"Tunakunja vitambaa," Kakenya akasema.

Ritha aliviangalia vile vitambaa. Kisha akakaa chini nao, kwa shida, na alipokwisha kukaa akalaza kichwa kwenye bega la mama yake. Vile vitambaa Scholastika aliviweka kwenye kapu la mabaki ya kushonea, pamoja na vingine vyote, na kapu likabaki mahali pake pa siku zote bila mtu kulijali.

Uchungu ulimshika Ritha asubuhi moja wakati wa chai. Walikwenda hospitali kwa bajaji, Kakenya akiwa amemshika mgongo, Scholastika amekumbatia lile kapu la mabaki na khanga juu yake. Muuguzi wa zamu alikuwa mama ambaye watoto wake wote walivaa kofia za mshono nje. Alipokagua vitu walivyoleta, akashika kiuno.

"Mama Ritha! Khanga ninaziona, beseni ninaliona. Nguo za mtoto ziko wapi?"

"Sina."

"Huna? Wewe? Mji mzima unatushonea, mjukuu wako aje uchi?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Siku nyingine Scholastika angetafuta jibu kali, nalo angelipata. Siku hiyo alisema tu, "Mtu hajaja bado, dada," na Kakenya akajisogeza karibu yake kwenye benchi.

Wakangoja. Jua likapanda juu ya bati, watu wakaingia na kutoka, mhudumu akadeki korido akawaambia wainue miguu, wakainua. Scholastika alisali rozari mpaka akapoteza hesabu, akaanza upya. Mle ndani Ritha alikuwa akilia kwa Kiiraqw, kisha kwa Kimaa, kisha akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikomtisha Scholastika. Mara ya kwanza, Loserian aliwahi kusema, Ritha alinyamaza hivyo hivyo, na baada yake hakikusikika kitu.

Akashika mkono wa Kakenya. Ulikuwa wa baridi kama wake.

Ndipo mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa vibaya, na muuguzi akachungulia mlangoni akasema, "Msichana! Mzima, na mama mzima. Mna dakika chache, nataka kitu cha kumvika."

Kakenya ndiye aliyelifunua kapu, akachambua mabaki mpaka akavipata vipande vya njano, akavitandaza juu ya mapaja ya Scholastika. Matundu ya sindano ya mshono wa kwanza yalikuwa bado yanaonekana, yamepangana pembeni mwa kitambaa. Kisha akachomoa sindano ya shanga iliyokuwa imechomekwa kwenye pindo la shuka lake, akaitia uzi yeye mwenyewe. Hakumpa mara moja. Aliishika, akamtazama machoni.

"Nani amezaa?" akauliza.

Scholastika akafungua kinywa, machozi yakatangulia, ikabidi aanze tena.

"Ritha," akasema. "Ritha amezaa."

"Haya," Kakenya akasema, akampa sindano. "Shona."