Piko kwenye Nyonga ya Mama

Mkicheka chekeni taratibu, maana aibu yenyewe bado mbichi. Hapa Nguvumali mnanijua, kazi yangu ni kupamba maharusi, hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea ngozi, na mkono wangu hautetemeki, lakini kuna ua moja nililichora mwaka huu ambalo natamani lisingekuwepo duniani. Nilimchora mama yangu mzazi. Nilimchora nyongani, na halikuwa ua tu, niliandika na maneno.

Nyonga ya kushoto ya mama ilikuwa imesagika, mfupa unasuguana na mfupa, daktari alituonyesha kwenye picha. Mwaka wa pili huo hasujudu, anasali kwenye kiti, na usiku akigeuka kitandani namsikia anavyozuia kilio (najifanya nimelala). Tulipoambiwa kuna daktari anayeweka nyonga ya bandia, mama alifurahi mpaka akaanza kupanga atakwenda kuwaona nani na nani kwa miguu yake. Mimi nikaanza kushuku.

Ndivyo nilivyo, sijifichi. Samaki namfunua mashavu yote mawili, udi naunusa mpaka mwenye duka ananuna. Na yule daktari nilimshuku tangu alipotoa salamu, alimwamkia mama shikamoo kwa upole uliopitiliza, na kijana wa siku hizi akiwa mpole hivyo mimi hujiuliza anataka nini. Akachora nyonga kwenye karatasi, akaeleza kwamba atapitia nyuma, upande wa makalio, atakata misuli midogo, ataweka kiungo kipya, kisha ile misuli ataishona irudi mahali pake, na wiki kadhaa baadaye mama asichuchumae wala asikunje nne wala asiiname kuokota kitu. Nikamuuliza, kwani hakuna njia nyingine? Akasema zipo, kuna ya mbele na kuna ya ubavuni, ila yeye hupita nyuma. Alipotaka kuendelea sista akaja kumwita, nami nikasema moyoni, huyu kajiitisha.

Pale ningetulia yasingetokea yote haya, lakini nilitoka kwenda kununua maji na huko nje nikafungua simu. Nikaona video ya mzee wa Kizungu aliyepasuliwa kwa mbele, kesho yake anapanda ngazi huku anatabasamu, na msemaji anasema njia ya mbele haikati misuli, inapenya katikati yake tu. Niliitazama mara nne. Sasa kama mbele hakukatwi kitu, huyu wetu anaenda kutafuta nini nyuma? Nikajijibu mwenyewe kwamba hajui, au anajua ila mvivu, au vifaa vya mbele vimewekwa kwa ajili ya wakubwa. Mtu mwenye akili angerudi kumuuliza. Mimi nikaona nikimuuliza atanizungusha kwa maneno yao ya kitabibu, bora akutane na maandishi mahali ambapo hawezi kusema hakuyaona.

Kwa hiyo Alhamisi, siku tatu kabla ya mama kulazwa, nikamlaza mkekani nikakoroga piko. Akaniuliza kwani anaolewa. Nikamwambia ni ya baraka, mtu haendi kwenye jambo kubwa mwili mtupu (uongo mtupu, Mungu anisamehe). Nikachora maua mbele ya nyonga, nikapitisha mshale, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: DAKTARI PITA HAPA. NYUMA MARUFUKU. Mama macho yake yana ukungu, huko hakuona kitu, akauliza tu kama limekaa vizuri, nikasema limekaa. Na kwa kuogopa wasije wakalisugua na dawa zao likafutika, nilikoroga piko zito ambalo sijawahi kumpaka bibi harusi yeyote.

Jumapili tukalazwa. Kitanda cha jirani alikuwepo Mama Elia, mkulima wa Amani, Mkristo mmoja mkimya, naye nyonga, zamu yake Jumanne, siku moja baada ya mama. Nikamwonyesha video. Nikawaonyesha na wengine, nikasimama katikati ya wodi nafundisha mbele na nyuma kwa kujishika kiuno, nikawaambia anayepasua kwa nyuma kuna jambo anatuficha. Mpaka jioni Mama Elia alikuwa amekataa kutia sahihi fomu yake, na mimi nikalala najiona wakili.

Asubuhi daktari akaja na wanafunzi wawili na sista, wakavuta pazia (pazia huzuia macho, masikio halizuii). Mama akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba pale mbele panamwasha tangu juzi. Wakafunua. Ngozi ilikuwa imefura malengelenge kufuata herufi zangu, ungeweza kuyasoma maneno yale kwa kidole. Daktari akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma cheti cha dawa, na mwanafunzi mmoja akageuka ukutani kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mama akauliza, "Kumeandikwa nini?"

"Mwanao ameniandikia barua, mama," daktari akasema. Kisha akanigeukia. "Ungenipa mkononi, dada yangu, ningekujibu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Akanieleza palepale kwamba ni kweli anayepasuliwa kwa mbele huchangamka mapema wiki za mwanzo, ila wengine hubaki na ganzi pajani, na kwa daktari asiyeizoea njia ile mfupa unaweza kupasuka mkononi mwake. Wa nyuma huchelewa kidogo na lazima achunge asiteguke, lakini ikipita miezi michache ukiwasimamisha pamoja humjui yupi ni yupi. Nikauliza, basi leo itakuwaje? Akasema leo hakuna kitu. Karibu na ngozi yenye vidonda hapasui, si mbele si nyuma, maana wadudu wakiingia kwenye nyonga mpya itabidi aing'oe. Turudi nyumbani mpaka ipone.

Na hapo upande wa pili wa pazia Mama Elia akapaza sauti, yule mkimya. "Daktari, mimi natia sahihi. Ni huyo binti yake alinizuia." Wodi nzima ikaangua kicheko. Nafasi ya mama yangu wakampa yeye. Tulipokuwa tunatoka, mimi na mabegi na mama kwenye kiti cha magurudumu, yeye anasukumwa kwenda kupasuliwa, akanipungia mkono.

Wiki nne. Wiki nne mama alilala na nyonga ileile iliyosagika, nami nampaka dawa ya malengelenge niliyoyachora mwenyewe, hanisemi hata neno. Siku moja tu, namfunga kanga, akasema kwa utulivu:

"Siku ile ya kwanza ulipotoka kwenda kununua maji, daktari alirudi, nikamuuliza. Nilimwambia, baba, mkono wako umezoea njia ipi? Akanambia ya nyuma, ndiyo aifanyayo kila wiki, ya mbele kaiona tu masomoni. Nikamwambia basi pita huko huko. Wewe hukuniuliza, mwanangu. Nyonga ilikuwa yangu."

Nililia nimeshika ncha ya kanga yake.

Alipasuliwa, kwa nyuma, na daktari yuleyule. Sasa anatembea, na juzi ameruhusiwa kusujudu. Kliniki twaenda pamoja, ila mlangoni hunipa mkoba wake nishike, anaingia peke yake, na mimi nakaa kwenye benchi na wasindikizaji wenzangu. Shaka zangu sijaziacha, nitazikwa nazo, lakini nimeapa kuziuliza kwa mdomo, na wa kwanza kumuuliza atakuwa mwenye mwili.