Visu Arobaini na Kimoja

Nyumba ina visu arobaini na kimoja, na hakuna hata kimoja cha kukatia kitunguu! Hilo ndilo lililochekesha mtaa mzima. Ukiingia jikoni kwa Mama Visu ulikuta kisu kimoja butu, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli, kinaponda nyanya badala ya kuikata. Vile arobaini na kimoja vilikuwa chumbani, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Na ole wako uviguse.

Mwenyewe alikuwa mkataji ngozi katika karakana ya mabegi, mwaka wa thelathini na mbili sasa. Kazi ya mkataji ni kisu, lakini kisu cha kazini si chake. Kila jioni msimamizi hupita na sinia, wakataji wanaweka visu humo, vinahesabiwa, vinatiwa kabatini, kufuli paa! Mama Visu alipopata mshahara wa kwanza, msichana wa miaka ishirini, alikwenda moja kwa moja kwa muuza vyuma chakavu akajinunulia kisu kikuukuu chenye mpini wa pembe. Hakukihitaji kwa lolote. Alitaka tu kuwa na kisu ambacho jioni hakuna wa kumpokonya. Basi, ugonjwa ukamwingia hapo hapo.

Miaka mizuri alinunua kimoja kila mwezi au miezi miwili, na vingine alivibadilisha ili apate vilivyo bora. Halafu hali ikaanza kubana. Bei za vitu zikapanda, mshahara ukabaki palepale. Kisu cha kila mwezi kikawa cha kila nusu mwaka. Kisha akawa ananunua vilivyovunjika, visivyo na mipini, akaichonga mwenyewe kwa vipande vya mbao. Kisha akawa anakwenda kutazama tu, mikono nyuma, asije akashawishika.

"Mama, siku hizi unanunua kwa macho?" muuza vyuma akamtania.

"Angalau macho hayajapandishiwa bei," akajibu, wakacheka wote, lakini njia nzima ya kurudi roho ilimuuma. Mwaka huo karakana ikapunguza siku za kazi zikawa tatu kwa wiki, na hakununua hata kimoja.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Sasa niambie, nani anapaka nyumba rangi wakati mfuko umetoboka? Alikuwa akishinda nyumbani, brashi zimekauka, anahamisha kiti kutoka kivulini kwenda juani na kukirudisha. Na pamoja nao aliishi dada yake, yaani wifi wa Mama Visu, mwanamke mwema ukimpima kwa mikono yake, ila mdomo wake haukuwa na breki.

"Wifi," akasema asubuhi moja, akiinua kikombe, "hii si chai. Haya ni maji ya moto yaliyotiwa rangi. Na chini ya kitanda chako kuna sukari ya miezi na miezi."

"Chini ya kitanda changu kuna visu, wifi."

"Ndivyo hivyo hivyo ninavyosema. Viuze!"

Mumewe akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Hilo ndilo lililomchoma Mama Visu zaidi. Wiki nzima ikawa wimbo ni huo: asubuhi visu, mchana visu, jioni visu, na wifi ameshapata mnunuzi wa vitu vya kale. Mwishowe akachoka. "Haya, mwiteni huyo mnunuzi wenu aje Jumamosi aviangalie. Lakini kuangalia si kuuza, tumeelewana?" Kisha akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa alikuwa kazini. Mumewe, maskini wa Mungu, akaona naye atoe mchango. Lazima umwelewe fundi rangi: kitu kizee kikimpitia mkononi, anakipiga msasa. Huyu aliwahi kupiga msasa na kupaka vanishi fimbo ya jirani yake huku anasubiri chai! Akafungua sanduku, akaona visu vimefifia, vyeusi, vina madoa, akaona aibu kwa niaba ya mkewe. Akachagua sita vilivyokuwa vyeusi kuliko vyote. Msasa mkali, msasa laini, kitambaa, kisha mipini akaipaka vanishi mara mbili. Vikang'aa hata ungeweza kujitazama humo ukichana nywele.

"Mama watoto, njoo uone!" akaita mkewe alipoingia. "Nimekuongezea bei!"

Mama Visu akakiokota cha mpini wa pembe, kile cha kwanza. Karibu na mpini palikuwa na alama ya mhunzi, nukta tatu na mstari mmoja uliopinda. Akapapasa kwa kidole gumba. Palikuwa laini. Hapakuwa na kitu.

"Umefanya nini, baba watoto?"

"Nimetoa uchafu."

"Haukuwa uchafu! Ule weusi ni umri wake. Anayejua visu ananunua ule weusi, ananunua ile alama. Umenifutia kisu changu!"

Alitaka kupiga kelele mpaka bati liinuke. Lakini akaviona vidole vya mumewe, vimechubuka ncha zote kumi kwa kusugua tangu asubuhi, na uso umemshuka. Hasira ikakosa pa kushukia. Akaketi chini kando yake, akavifunga visu kimoja kimoja, hata vile sita.

Jumamosi mnunuzi akaja, mtu mtanashati mwenye kioo cha kukuzia kwenye mfuko wa shati. Akavikagua polepole. Alipofika kwa vile sita akashtuka.

"Loh! Nani amefanya mauaji haya?"

Fundi rangi akatazama dari.

"Hivi sita ni vya vitunguu," mnunuzi akasema, akivisukuma pembeni. "Hivi thelathini na vitano navichukua vyote." Akataja bei. Ilikuwa bei ya sukari, mafuta na unga wa miezi miwili, na hapo ujibane.

"Chukua, mwanangu, chukua!" wifi akadakia, tayari amekwenda kutafuta kamba ya kufungia sanduku.

Mama Visu alikuwa bado amekaa. "Kaka, ukivitoa hapa unavipeleka wapi?"

"Kwa mteja wangu mmoja. Ana nyumba kubwa, anavitundika ukutani sebuleni."

"Anavikatia nini?"

Mnunuzi akacheka. "Havikatii chochote, mama. Anavipenda tu."

"Anavipenda tu," akarudia Mama Visu. Akainuka. "Sikieni jamani. Yeye akivipenda tu ni mteja. Mimi nikivipenda tu nina wazimu."

"Yeye ana pesa, wifi!"

"Najua ana pesa! Na mimi nimepunguza nyama. Nimepunguza sukari, nimepunguza nauli, naenda kazini kwa miguu. Visu vyenyewe mwaka mzima sijanunua. Nimepunguza kila kitu mpaka mwenyewe nimepungua. Hivi sipunguzi. Tutakula kidogo, wifi, kama tunavyokula sasa, na pesa ya huyu ingeisha na tungekula kidogo vilevile. Kaka, kamwambie mteja wako hata mimi nina ukuta."

"Mama, fikiria vizuri. Mwezi ujao bei itashuka."

"Ishuke mpaka iingie ardhini. Mlango ule pale."

Mnunuzi alipoondoka wifi akabaki na kamba yake mkononi, akaiviringisha. Mama Visu akamkabidhi visu vitano vilivyosuguliwa. "Hivi vyako, wifi. Kwa muda wote huu umekuwa ukiponda nyanya." Cha sita, cha mpini wa pembe, akakishika mwenyewe. Akamgeukia mumewe.

"Baba watoto, una rangi yoyote iliyobaki?"

Alikuwa na mabaki ya makopo matatu, ya kazi tatu tofauti. Akayachanganya, ikatoka rangi ambayo hadi leo hakuna anayejua iitweje. "Ukuta nimekupa ruhusa," mkewe akamwambia. "Piga msasa mpaka uchoke." Akapiga, akapaka, akagongelea misumari kwa mstari ulionyooka, huku anaimba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Kisu cha mpini wa pembe kilikaa katikati, kinang'aa bila alama, na vyeusi vyote vikakizunguka.

Jumatatu jioni msimamizi akapita na sinia. Mama Visu akaweka kisu cha karakana, kikahesabiwa na vingine, kufuli paa! Akarudi nyumbani kwa miguu, akanywa chai yake isiyo na sukari akiukabili ukuta. Akavihesabu mwenyewe, vyote thelathini na sita, na hakuna aliyekuja kuvifungia.