Uzio wa Bogenvilia Mkolani

Kosa langu lilikuwa kupogoa bogenvilia za uzio wetu katikati ya kiangazi, kwa sababu zilinikera kwa kutolingana urefu. Zote zikakauka. Baba, aliyekuwa amepunguzwa kazini, akaona hapo ni mahali pa kioski.

"Ng'oa hizo kuni," aliniambia.

"Bado zina uhai, baba."

"Uhai gani? Hata mbuzi wamezisusa."

Nilikwangua gome kwa ukucha mbele yake, na ndani palikuwa kijani. Nikakataa kung'oa. Niliweka samadi ya ng'ombe, nikazimwagia maji ya kuoshea vyombo, na kila asubuhi niliamka na hofu. Mvua za vuli zilipoanza, zikachipua kombokombo. Baba akajenga kioski upande wa pili wa geti.

Siku hizi sipogoi kabla ya mvua.