Mimi Ndiye Macho ya Mtumbwi Wetu

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Kivukoni tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili na nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka kuongea.

Mume wangu ni mpiga kasia tangu ujana wake. Daraja lilipokuja watu waliacha kuvuka kwa mitumbwi, akabaki na kazi moja. Kiangazi, mto ukipungua na visiwa vya mchanga vikitoka, anatembeza watu. Mnashuka kisiwa hiki mnakaanga perege, mnapanda tena taratibu mpaka kingine, mnapiga picha, mnarudi jua likipoa. Raha tupu kwa aliyekaa tu.

Sasa mzee wangu haoni. Hospitali walisema ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Akaniambia, "Mke wangu, ukiwaambia watu umenizika mzima." Basi msimu wa pili huu nakaa mbele kwa jina la mpishi, yeye yuko nyuma na kasia. Nikigonga ubavu wa mtumbwi mara moja, anakata kushoto. Mara mbili, kulia. Abiria wanadhani nashtua viboko, maana huku kila mtu hugonga hivyo.

Mwezi uliopita tulibeba walimu sita wa Kiberege. Wiki nzima nilikuwa shamba navuna mpunga, na alfajiri ile nikaamka kuwapikia wali wao. Tulipoacha kisiwa cha pili jua lilikuwa la kusinzia, walimu wanaimba, mtumbwi unanesa polepole. Nikalala. Ndugu zangu, nililala! Niliamshwa na mayowe. Viboko walikuwa mbele yetu kabisa, mmoja kaachama. Niligonga mara mbili kwa nguvu mpaka kiganja kikachanika, mzee akakata kulia, tukapanda mchangani.

Akaanza kunifokea mbele za watu. "Unalala? Mwanamke gani wewe? Ungetuua!"

Mwalimu mmoja, alikuwa mjamzito, akamgeukia. "Samahani baba, kwani anayeendesha si wewe?"

Nikaona mzee anapapasa kasia lake. Nikacheka kicheko cha uongo, nikasema, "Mzoeeni huyo, akiogopa lazima atafute wa kumlaumu." Wakacheka nao, wakamtania mpaka tunafika. Hajaniambia hata pole. Na mimi nikifumba macho namwona yule mwalimu ameshika tumbo lake.

Jumamosi hii amekubali kubeba kinamama wa kwaya na watoto wao. Nilimsihi tuseme ukweli. Akanijibu, "Nikiacha mto nikae wapi? Ndani, nipapase kuta?" Nikaacha kumsihi, kwa sababu nampenda huyu mtu. Lakini macho yangu mwenyewe siyaamini tena, yakipigwa na jua yanajifunga.

Leo asubuhi amekata kipande cha godoro. Amekwenda nacho akipapasa hadi mbele ya mtumbwi, akakifunga pale ninapokaa. "Nimekuwekea," akasema, "usiumie mgongo." Nilizunguka nyuma ya nyumba nikalia.

Wenzangu, Jumamosi inakuja, nishaurini. Nikakalie kile kigodoro, au niende kwa mwenyekiti wa kwaya nikamzike mume wangu akiwa hai?