Siku Tisa za Mto Mpole

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Futi alishuka mtoni kila alfajiri, akasoma namba kwenye nguzo ya chuma iliyosimikwa majini, akaiandika daftarini. Jamaa zake, wenyeji wa msitu ule tangu kabla ya barabara, walizoea kumtania.

"Futi, leo mto umeamkaje?"

"Mzima. Unawasalimu."

Kisha likaja suala la bwawa la umeme. Mpimaji wa kampuni alifika na nakala za daftari la Mzee Futi na kopo la rangi nyekundu. Alipaka alama kwenye miti: hata yakija mafuriko makubwa kuliko yote yaliyoandikwa, maji ya bwawa yangeishia hapo. Makaburi yalikuwa hatua kumi juu ya alama. Wazee, waliolikataa bwawa kwa miaka minne, wakalegea.

"Kaburi la mama limepona, baba," binti yake alimwambia. "Daftari lako limemwokoa."

Tangu siku hiyo, kila Mzee Futi akiinamia nguzo, alihisi mtu amesimama nyuma yake, nguo zikichuruzika maji. Akigeuka, hapana mtu.

Mkewe alizikwa mwaka wa mafuriko. Siku ya tatu ya msiba wote walikimbilia mlimani hadi maji yaliposhuka, yeye peke yake akabaki. Akiwa mlangoni, aliyaona maji yakipanda, yakalala juu ya udongo mbichi wa kaburi, yakafika hata kizingiti chake. Yalikaa siku tisa. Mkono wake ulikataa kuandika kimo kile. Alijaza siku tisa za mto mpole, kwa mwandiko safi kuliko kawaida yake.

Asubuhi wazee walipokusanyika uwanjani kutia dole gumba kwenye mkataba wa bwawa, mpimaji alimpiga Mzee Futi begani. "Mzee wetu, namba zako ni dhahabu."

"Siku tisa ni za uongo."

"Acha utani, mzee. Ramani nzima imesimama juu ya daftari lako!"

"Ndiyo maana nakwambia."

Mpimaji alimwondolea mkono begani.

"Basi maji yalifika wapi?"

Mzee Futi alichukua brashi kutoka kopo la mpimaji, ikidondosha rangi. Akaupita mti wenye alama. Akalipita kaburi la mkewe bila kulitazama.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Aliinama mlangoni pake, akakipaka kizingiti mstari mwekundu, taratibu, toka mwimo hadi mwimo. Uwanjani, mwenyekiti wa wazee alifunika kidau cha wino.